Wasomaji wa Malori

Baada ya swala ya Alasiri wazee huanza kufika mmoja mmoja kwenye benchi lao, hatua chache kutoka Buguruni Sheli, chini ya mwarobaini. Muuza kahawa hutua dele lake, sinia la kashata hufunuliwa, na ubao wa drafti huwekwa katikati. Kete hupangwa, lakini mchezo hauendi mbali. Macho na masikio yote yapo Barabara ya Mandela, ambayo wao bado wanaiita Port Access, kwa kuwa ndiyo inayoyatoa malori bandarini na kuyapitisha Tazara, Buguruni na Tabata mpaka Ubungo, yanakoshika njia ya Morogoro, Dodoma, Mbeya na ng'ambo ya mipaka.

Siku ya kwanza nilipokaribishwa pale, mzee mmoja aliyestaafu udereva alikuwa ameipa barabara mgongo, kikombe mkononi. Nyuma yake lori likakaribia taa, likapunguza mwendo, dereva akashusha gia. Mzee akasema bila kugeuka, "113 hiyo. Ila giaboksi si yake."

Nikasimama kutazama. Ilikuwa Scania, rangi imebabuka na bampa limefungwa kwa waya. Kijana mmoja wa pale kijiweni akavuka hadi kwenye foleni, akamuuliza dereva. Ni 113 kweli, na giaboksi ilitoka kwenye gari jingine.

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Jambo hili haliulizwi umesimama."

Nikakaa. Akanieleza kwamba giaboksi aliyoizoea ya gari lile hupanda na kushuka hatua kwa msaada wa upepo, na dereva akishusha, sikio la aliyelala nalo miaka mingi husikia pumzi fupi kabla injini haijanguruma tena. "Hii haikupumua," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Tangu siku ile nimerudi kila nilipopata nafasi, na sijawahi kuondoka bila kujifunza kitu. Watu hawa wanayajua magari makubwa ya zamani kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake katikati ya zizi la jirani. Lori, basi au kigari cha mizigo, wanakitaja kwa jina, kwa umri na kwa kazi kilizofanya, na mara nyingi wanataja hata mikono iliyokifungua na kukifunga. Hakuna aliyewafundisha darasani. Wamejifunza kwa kuendesha, kulala chini ya chasisi, kusukuma kwenye tope la masika, na kwa kubishana. Kubishana ndiko kunakounoa ujuzi wao zaidi ya yote.

Somo la kwanza walilonipa lilikuwa la tarakimu. Scania walizipa gari zao namba zinazosomeka: tarakimu za mwanzo ni ukubwa wa injini kwa lita, na ya mwisho ni kizazi. 110 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960, injini ya lita 11. Ikafuata 111 katikati ya miaka ya 1970, 112 miaka ya 1980 ilipoanza, 113 ilipokaribia kwisha, na 114 katika miaka ya 1990. Ukiona 140 au 141, hiyo ni ya lita 14, silinda 8 zimesimama kwa umbo la V. Mercedes-Benz nao walikuwa na hesabu yao: 1113 ni gari la tani 11 na nguvu za farasi 130, na 1924 ni tani 19 na farasi 240. Utingo aliyeacha shule darasa la nne aliweza kusoma umri na nguvu za gari kwenye mlango wake kabla hajamwona dereva.

Lakini tarakimu zimefungwa kwa skrubu, na skrubu hufunguka. Hapo ndipo wazee wanapoanza kazi hasa. Kebini ya 112 na ya 113 zinafanana mno kwa nje. Mwenye 112 akipata tarakimu na shoo ya mbele ya 113, gari lake linakuwa limepunguza miaka barabarani, na mnunuzi mgeni hatagundua. Wazee hawaangalii nje. Wanachungulia dirishani: dashibodi ya 113 imepinda kumzunguka dereva, ya 112 haikupinda hivyo. Kubadili dashibodi yote ni gharama, na ni watu wachache wanaotaka kuiingia kwa ajili ya udanganyifu. Kanuni yao ni kutafuta kile ambacho fundi hakuona sababu ya kukigusa.

Na fundi wetu hugusa vingi. Katika miaka ambayo spea haikupatikana kwa fedha wala kwa kibali, gari liliishi kwa kuazima: difu ya hili, springi za lile, injini ya Isuzu ndani ya boneti ya Bedford. Nasema hivi kwa heshima kubwa. Injini iliyotoka kiwanda kingine haikai tu mahali pake. Lazima mabano ya kuishikilia yachongwe upya, propela ikatwe na kuunganishwa kwa urefu unaofaa, na klachi itafutiwe sahani inayokubaliana na pande zote mbili. Propela ikipinda hata kidogo, gari zima linatetemeka ukifika mwendo wa 60. Mafundi wa Gerezani na wa Buguruni waliipima kwa kamba na chaki, na magari yakaenda Songea yakarudi.

Kwa hiyo kulitambua gari la namna hiyo ni kazi ya kulivua. Nilishuhudia mara moja katika gereji upande wa Malapa, ambako mabaki ya lori yalikaa juu ya mawe kwa miaka mingi. Kebini haikuwepo, injini haikuwepo. Kilichobaki ni chasisi, ekseli mbili na kutu. Mwenye kiwanja alitaka kuuza chuma chakavu, na fundi akaomba apewe siku moja tu alijue kwanza ni gari gani.

Alianza asubuhi. Akamwaga dizeli kwenye chuma upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu, akaacha inywe. Akachukua brashi ya waya na kusugua taratibu, tena kwa kufuata urefu wa chuma, kwa sababu kusugua kwa kukatisha kunazichuna namba zilizogongwa pale kiwandani. Akafuta kwa kitambaa, akamwaga tena, akasugua tena. Kutu ikageuka tope jekundu. Baada ya Adhuhuri akapitisha msasa laini, akakausha, kisha akatoa kipande cha chaki nyeupe mfukoni na kukilaza ubavuni kama mtoto anayepaka rangi sarafu chini ya karatasi. Alipopangusa juu kwa kiganja, chaki ikabaki mle ndani ya mikwaruzo, na tarakimu zikatokea moja moja, nyeupe. Zilikuwa tano tu zinazosomeka, nyingine zimeliwa.

Hakuishia hapo. Akatembea pembeni mwa chasisi akihesabu matundu kwa kidole. Matundu ya kiwandani, alinionyesha, ni ya mviringo safi na yamepangwa sawa kulia na kushoto. Yaliyotobolewa gereji yana kingo zenye ukali na hayalingani. Haya ya gereji yalikuwa mengi, yameachana kwa nafasi zinazokaribiana, pande zote mbili, kutoka mbele mpaka nyuma kabisa. "Lori la mizigo halihitaji hivi," akasema. "Hapa palifungwa nguzo za bodi. Hili lilikuwa basi."

Msomaji kijana anayepanda basi la siku hizi, lenye injini nyuma na ngazi ya chini, huenda asijue kwamba mabasi mengi ya mikoani yalikuwa malori kwa miguu yao. Chasisi ilinunuliwa ikiwa uchi, injini mbele, springi za majani. Bodi ikajengwa juu yake kwa mbao na vyuma, kisha mabati yakapigwa nyundo. Nairobi kulikuwa na majina makubwa ya kazi hiyo, Choda na Labh Singh Harnam Singh, na wazee wa Buguruni bado wanaitambua bodi ya Nairobi kwa namna pembe za paa zilivyozungushwa. Ndiyo maana basi lile lilikuwa refu kutoka ardhini na likavuka mito isiyokuwa na daraja. Ndiyo maana pia lilirusha abiria wa nyuma kwenye kila shimo.

Fundi akaandika namba zake tano kwenye kipande cha boksi, pamoja na idadi ya matundu na upana wa chasisi, akakitia mfukoni. Wiki iliyofuata chuma kiliuzwa kwa kilo. Kile kipande cha boksi anacho.

Nami nilikuwa na kitendawili changu, picha ya babu, iliyokaa katika albamu ya shangazi yangu Iringa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 babu alikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mji ule. Amesimama juu ya bampa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mkono mmoja kwenye kioo. Mpiga picha alilikata lori usoni ili babu aenee. Kinachoonekana ni robo tatu ya kioo cha mbele, mlango, na kipande cha madigadi. Nikaipeleka kijiweni.

Ilizunguka kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akiisogeza mbali na macho kisha karibu. Wa kwanza akasema Bedford. Akakatazwa mara moja: Bedford wanayoijua wao ina pua, na hapa babu amesimama mbele ya kioo hasa. Wa pili akatazama jinsi kioo kilivyopinda kwenye kona, akatulia, akasema, "Hii ni ile kebini ya ndugu watatu." Wote wakakubali kwa kichwa, mimi nikabaki nimetoa macho.

Kumbe ipo kebini iliyotengenezwa na kiwanda cha Motor Panels, Coventry, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ikauzwa kwa makampuni matatu: Leyland, Albion na Dodge. Kwa herufi za mwanzo za majina hayo inaitwa LAD. Kila kampuni iliweka shoo na beji yake, lakini bati ni lile lile. Na beji ndiyo aliyoikata mpiga picha wetu. Laiti ingeonekana! Albion, gari la Glasgow, lilikuwa na alama ya jua linalochomoza, na watu wasiojua kusoma walilitambua kwa jua hilo. Alama zilisaidia sana wakati ule. AEC ilikuwa na pembetatu ya buluu. Bedford na Scania zote zilibeba yule mnyama wa hadithi, nusu tai nusu simba, ila wa Bedford ameshika bendera na wa Scania ni kichwa tu chenye taji. Mzee mmoja alinichorea tofauti hiyo mchangani kwa kijiti, na alichora vizuri.

Dodge iliondolewa haraka. Mzee aliyeishi Iringa miaka hiyo alikumbuka malori ya tajiri yule na akaapa kwamba hakuwa na Dodge hata moja. Ikabaki Leyland au Albion. Hapo pakawaka. Leyland waliinunua Albion mwaka 1951, na tangu hapo vyuma vya nyumba hizo mbili vikaanza kuchanganyika, kwa hiyo kila dalili aliyoitaja mmoja, mwenzake aliikuta upande wa pili pia. Wakabishana juu ya bolti za gurudumu ambalo halimo kwenye picha. Adhana ya Maghrib ikawakuta hapo. Mpaka leo haijaamuliwa, na hakuna aliyekubali kusema tu jina ili kunifurahisha. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi kwao. Mtu asiyejua kazi angenipa jibu siku ile ile.

Yule mzee wa 113 naye alianza kama utingo, katika njia ya Zambia. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba na mafuta yake yalitegemea njia ya kusini, ikalazimika kuelekea Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya nchi hizi mbili, Zambia–Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaanza kupanda na mapipa ya mafuta, kushuka na shaba. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikaanza kazi rasmi mwaka 1976. Kwa miaka ile ya katikati, mzigo ulikuwa juu ya wanaume wenye umri wa miaka ishirini na kitu na magari yao.

Muulize kuhusu Fiat 682 na sauti yake inabadilika. Anaeleza uso wake, ule utepe wa chuma unaong'aa ulioteremka pande mbili kama masharubu. Waitaliano wenyewe waliliita jina la masharubu hayo. Anaeleza kwamba usukani wake ulikuwa kulia hata kwao Italia, ambako watu huendesha upande wa kulia, kwa hiyo lilipofika kwetu halikuwa na la kugeuzwa. Kisha anapandisha mlima Kitonga. Anakaa vizuri kwenye benchi, mguu wa kushoto unakanyaga klachi isiyokuwepo: mara moja kuitoa gia, anaachia, anagusa mafuta kidogo ili mwendo wa vyuma ulingane, anakanyaga mara ya pili, gia inaingia. Mkono wake unajua umbali kutoka gia moja hadi nyingine. Ukikosea katikati ya Kitonga, gia haiingii tena, na kazi ya utingo ni kuwa tayari ardhini na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Alikimbia na jiwe hilo kando ya lori linalopanda, kilomita baada ya kilomita.

Sauti nyingine anazoziiga, nazo ni burudani ya kijiwe. Ya Commer yenye injini ya TS3 huwafanya wote watulie. Injini ile ilikuwa na silinda 3 na pistoni 6, mbili mbili zikielekeana uso kwa uso ndani ya silinda moja, na mlio wake ulikuwa mkali wa kukata, usiofanana na dizeli yoyote. Anauiga kwa koo na ulimi, na mwenzake wa pembeni anafumba macho.

Wapo pia wanaokumbuka magari yaliyochukuliwa kwenda Kagera, vita vya 1978 hadi 1979, malori na mabasi ya watu binafsi yakibeba askari na chakula. Hilo hawalisemi sana.

Ujuzi huu haukai kwa madereva peke yao. Mama anayeuza wali na maharage pembeni ya kijiwe aliwahi kuumaliza ubishi wa saa nzima. Walikuwa wanazungumzia kigari kimoja cha abiria cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, kama viti vyake vilielekea mbele. "Baba zangu," akasema akiwa anapakua, "mimi nilikuwa mwanafunzi, nilikaa nimetazamana na mtu magoti kwa magoti. Ndiyo maana tukayaita chai maharage." Hakuna aliyeongeza neno. Ndiye pia aliyenieleza Ikarus za UDA, mabasi ya Hungaria yaliyoungana katikati kwa mpira unaokunjana, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Kwamba wanafunzi waligombea kusimama pale kwenye maungio kwa sababu basi likikata kona sakafu inazunguka chini ya miguu. Kuhusu vifodi, vipanya na DCM, anazipanga kwa nauli: hii ilikuja nauli ikiwa shilingi 5, ile sarafu iliyoitwa dala, ambayo ndiyo iliyozaa daladala, ile ilikuja baadaye. Sijui mwanahistoria mwenye kumbukumbu iliyopangika zaidi.

Huko Leyland, Uingereza, kuna jumba zima la makumbusho ya malori na mabasi. Scania nao wana lao Södertälje. Katika Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam, Mtaa wa Shaaban Robert, nimeyaona magari ya viongozi wetu, nami nimefurahi kuyaona yametunzwa. Natamani pembeni yake pawepo Fiat moja ya njia ya Zambia, Scania moja iliyounganishwa TAMCO Kibaha, na Nyumbu moja, lori lililobuniwa na Watanzania pale pale Kibaha. Na natamani pawepo mtu wa kuieleza kila moja, angali hai.

Wazee wa benchi hili walikuwa saba nilipowajua. Sasa ni watano.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji. Utakapokwenda kwenu sikukuu ijayo, toa albamu kabatini. Itafute ile picha ya baba, babu au mjomba ameegemea lori au amekaa kwenye ngazi ya basi. Muulize aliyepo: gari gani, la nani, njia ipi, mwaka gani, dereva aliitwa nani. Majibu yaandike nyuma ya picha kwa penseli, ukibonyeza taratibu, maana wino huchuja ukaharibu upande wa mbele. Na kama hakuna wa kumuuliza, ilete Buguruni, baada ya Alasiri.